NJIA ZA MIGUU KATIKA MISITU NA MILIMA YA TAITA

(Mazungumzo kwa watu wa Voi na Taita Taveta)



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, awe katika gari moshi au katika motokaa, hufika Voi baada ya mwendo wa maili mia hivi. Amekwisha pita nyika ya Taru, amekwisha ona miiba na vumbi jekundu, na kiu imemshika. Hapo Voi, akigeuza uso kutazama magharibi, huona milima imesimama kama ukuta. Wasafiri wengi huitazama kidogo, hunywa chai yao, kisha huendelea na safari. Hawajui ya kuwa nyuma ya ukuta ule mna ukungu wa asubuhi na vijito vya maji baridi, na kwamba katika misitu yake vinaishi viumbe visivyopatikana mahali pengine po pote ulimwenguni.

Barabara yapanda kutoka Voi mpaka Mwatate, maili 16 hivi, na kutoka Mwatate mpaka Wundanyi, maili 10 nyingine. Lakini penye msitu barabara hukoma, na mtu hana budi kutumia miguu yake. Mazungumzo haya ni juu ya njia hizo za miguu: asili yake, faida yake, hatari yake, na jinsi ziwezavyo kutunzwa zisipotee.

MILIMA YENYEWE

Watu husema "Milima ya Taita" kana kwamba ni mlima mmoja, kumbe ni makundi yaliyotengwa na nyika. Kundi kubwa ni Dawida, ndiko uliko mji wa Wundanyi. Upande wake wa kaskazini-mashariki uko mlima wa Mbololo. Kusini ya Voi uko Sagalla, na mbali zaidi upande wa kusini-mashariki uko Kasigau, uliosimama peke yake kama mlinzi. Mji wa Voi uko kiasi cha futi 1,800 juu ya usawa wa bahari; Wundanyi ni zaidi ya futi 4,500; na kilele cha Vuria, kilicho kirefu kuliko vyote, chapita futi 7,200. Kwa hiyo mtu aweza kutoka kwenye mikonge na mibuyu alfajiri, na kabla ya adhuhuri akawa mahali anapotafuta koti.

Wataalamu wa miamba wasema kwamba mawe ya milima hii ni ya kale mno. Nayo ni ncha ya kaskazini ya safu ndefu ishukayo kwa Upare, Usambara na Uluguru hata Udzungwa, kusini ya Tanzania. Katika safu hiyo yote, Taita ndiyo sehemu iliyo ndani ya Kenya. Upepo utokao Bahari ya Hindi hupita juu ya nyika bila kuacha maji mengi, lakini ukiigonga milima hupanda, hupoa, na kugeuka ukungu na mvua. Ndiyo sababu nyika ya chini ilipokauka zamani za kale, misitu ya juu haikufa. Viumbe waliokuwamo wakakaa peke yao kama watu wa kisiwani, wakawa aina zao wenyewe.

NJIA ZA MISAFARA

Njia za kwanza kujulikana na wageni zilikuwa za misafara ya biashara iliyotoka pwani. Msafara ulivuka Taru kwa taabu ya kiu, ukatafuta maji Maungu na Ndara, ukapita Taita hata Taveta na Uchaga. Mwaka wa 1847 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alifika Kasigau. Mwaka uliofuata alipita Taita akielekea Uchaga, na kiongozi wake alikuwa mkuu wa misafara wa Mombasa, Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia hizo. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro. Alipoandika habari hiyo Ulaya, baadhi ya wenye elimu walimkanusha wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Lakini waliokaa juu ya milima ya Taita walikuwa wakiuona weupe huo tangu babu na babu, kila asubuhi ya mbingu safi.

Mwaka wa 1898 reli ilikuwa imekwisha pita Voi na kufika Tsavo, na safari ndefu za miguu kutoka pwani zikafikia mwisho wake. Njia za misafara zikaota nyasi. Lakini njia za wenyeji hazikufa, maana hazikuwa za biashara ya mbali. Mtaita wa zamani hakuweka shamba lake lote mahali pamoja. Alikuwa na kipande juu penye baridi, kipande katikati, na kipande kingine chini penye joto, ili mvua ikikosa huku ipatikane kule. Njia ya miguu ndiyo iliyoyaunganisha mashamba hayo. Ilifuata mfereji wa maji, ikapita ukingoni mwa shamba la jirani, ikazunguka mwamba, ikashuka bondeni. Hakuna mpima ardhi aliyeichora. Ilichorwa na nyayo za wake kwa waume.

Tena zilikuwako njia zisizokanyagwa ovyo. Wataita walikuwa na vichaka vya heshima viitwavyo fighi, vilivyohesabiwa kuwa ulinzi wa nchi juu ya adui na balaa, na mapango yaliyohifadhi mafuvu ya wazee waliokufa. Mtu hakukata mti katika fighi wala kuingia pangoni bila idhini ya wazee. Hata leo, pale ambapo heshima hiyo ilidumu, utaona kishungi cha miti mikubwa kimesalia katikati ya mashamba.

NDANI YA NGANGAO NA MBOLOLO

Msitu wa Ngangao uko katika Dawida, kaskazini ya Wundanyi. Si mkubwa, mtu mwepesi wa miguu aweza kuuvuka kabla ya jua kupanda sana. Lakini aingiapo huona tofauti mara moja. Nje mna jua, mahindi, na sauti za watoto. Ndani mna giza la kijani, ardhi laini yenye majani yaliyooza, na matone yanayoanguka kutoka kwenye kuvu na ndevu za miti hata siku isiyo na mvua. Miti ya asili hushindana kwa urefu, na penye bonde huonekana mikindu.

Chini ya miti hiyo huruka ndege mmoja mwenye kichwa cheusi, tumbo jeupe, mbavu za rangi ya kutu na mdomo mwekundu kama chungwa bivu. Huyo ndiye kurumbiza wa Taita. Hukaa chini, hufukua majani kutafuta wadudu, na hapendi kutoka mwangani. Kwa ndege kama huyo shamba la mahindi ni bahari. Walioko Ngangao hawawatembelei kwa urahisi wenzao walioko Mbololo au Chawia. Na msitu mmoja ukifa, ndege wake hawana mahali pa kuhamia. Yuko na ndege mwingine mdogo zaidi, aitwaye na wataalamu apalisi wa Taita, ambaye ni katika ndege wa Kenya walio karibu kabisa kutoweka.

Katika Mbololo liko ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani mazito yenye manyoya, limeng'ang'ania miamba yenye kivuli. Watu wa Ulaya na Marekani hupanda jamaa za ua hilo katika vyungu na kuviweka dirishani, na wengi hawajui ya kuwa asili yake ni Afrika ya Mashariki. La kwanza kupelekwa Ulaya lilitoka upande wa Tanga mwaka wa 1892. Lile la Mbololo ni aina yake peke yake, na makao yake ni mlima huo tu.

Hata ardhini mna ajabu. Mkulima wa Taita alimapo penye unyevu huenda akafukua kitu kama nyungunyungu mkubwa, akadhani ni nyoka, akakiua kwa jembe. Kumbe si nyungunyungu wala si nyoka, bali ni jamaa ya vyura asiye na miguu, wala hana sumu ya kumdhuru mtu. Mwaka wa 2006 wataalamu walitangaza kwamba mama wa mnyama huyu wa Taita huwalisha watoto wake kwa ngozi ya mwili wake mwenyewe: ngozi hunenepa, watoto huibambua kwa meno madogo, nayo huota tena. Jamaa yake wa Sagalla, ambaye hapatikani ila katika mlima huo, alipewa jina la kitaalamu mwaka wa 2005. Basi hata kidudu kinachodharauliwa kina habari ya kumshangaza msomi.

VILELE

Anayependa kuona mbali zaidi kuliko kuona ndani, na apande mwamba wa Wesu juu ya Wundanyi, au Yale, au Vuria yenyewe. Vuria ina milingoti ya mitambo ya mawasiliano, na ukungu huifunika mara nyingi. Ukungu ukiinuka, chini huonekana nyika ya Tsavo imetandazwa kama mkeka, na upande wa magharibi Kilimanjaro. Miezi mizuri ya kupanda ni Januari na Februari. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, na wakati wa vuli, tangu Oktoba hata Desemba, njia huteleza. Na katikati ya mwaka baridi na ukungu huweza kukaa siku nzima.

HABARI YA UINGEREZA

Itafaa kutazama kidogo jinsi watu wa nchi nyingine walivyoshughulika na jambo hili. Kusini ya Uingereza kuna vilima vya mawe meupe laini, ndiyo asili ya chaki. Juu yake pana majani mafupi yaliyoliwa na kondoo, na ubavuni pana misitu ya miti mirefu ipukutishayo majani wakati wa baridi. Njia za miguu zimepita humo tangu zamani sana. Mojawapo, iitwayo Ridgeway, yafuata mgongo wa vilima kwa maili 87, na mwaka wa 1973 ilifunguliwa rasmi kuwa njia ya taifa.

Lakini mtu asidhani ya kuwa njia hizo zilihifadhika zenyewe. Matajiri wengi wa Uingereza walifunga ardhi zao, na mwenye kupita akaitwa mvamizi. Mwezi wa Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda mlima wa Kinder Scout kaskazini ya nchi bila ruhusa ya wenye ardhi, na watano wao wakafungwa. Mwaka wa 1949 Bunge lilipitisha sheria iliyoamuru kila wilaya iandike njia zake zote za miguu katika ramani. Mabaraza ya vijiji yakatuma watu wakazitembee njia, moja moja, wakauliza wazee ipi ilikuwa ya wote na ipi ya mtu mmoja. Njia iliyoandikwa haiwezi kufungwa na mwenye shamba kwa kupenda kwake. Mkulima aweza kulima juu yake mahali pengine, lakini yampasa aitengeneze tena ipitike.

Taita si Uingereza. Mawe ya chaki hunywa maji upesi, na njia hukauka. Udongo wa Taita ukikanyagwa mteremkoni huchukuliwa na mvua. Tena shamba la Mtaita ni dogo, na kila hatua ya njia ni hatua asiyoipanda. Lakini fundisho moja ni lile lile: njia isiyoandikwa wala kusemwa hupotea siku moja, na siku hiyo hakuna apigaye mbiu.

JAMBO LILILO HATARINI

Mwaka wa 1955 picha za milima ya Taita zilipigwa kutoka katika ndege. Mwaka wa 2004 zilipigwa nyingine, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambacho kina kituo cha utafiti Wundanyi, wakalinganisha picha hizo. Waliona ya kuwa katika muda wa miaka hiyo 49, nusu ya msitu wa asili katika sehemu waliyoipima imekwisha. Ajabu ni hii, kwamba mtu atazamaye kwa mbali asingejua. Eneo lote lenye miti lilipungua kwa sehemu 2 tu katika 100, maana misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni ilipandwa. Miti hiyo ina kazi yake: yatoa mbao, nguzo na kuni, na kuuachia msitu wa asili nafasi ya kupumua. Lakini kurumbiza hapati chini ya misonobari makao ayapatayo chini ya miti ya asili, na ua la Mbololo halioti katika shamba la mikaratusi.

Na habari ya msitu si habari ya ndege peke yao. Mto Voi huanzia katika milima hii. Mtu wa Voi aliye na duka karibu na stesheni, ambaye hajapanda Dawida siku zote za maisha yake, aona mto umejaa tope au umekauka, naye hajui ya kuwa jambo hilo lilianza juu ya mlima, mahali alipokatwa mti mmoja na shina lingine likafuata.

Basi hapa pana mashauri mawili. Wako wasemao: "Fungeni njia za msituni. Palipo na njia hupita shoka, hupita mchoma makaa, hupita moto." Na wako wasemao: "Njia ndiyo jicho. Mwizi wa miti apenda mahali pasipopitwa. Mgeni na kiongozi wake wakipita kila wiki, ataogopa."

Wote wawili wasema kweli, kila mmoja nusu. Njia isiyo na mwenyewe huleta shoka. Njia yenye mwenyewe huleta jicho. Kwa hiyo swali hasa si kufunga au kufungua, bali ni nani atakuwa mwenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005, na ile ya 2016 iliyoifuata, zimewapa watu wakaao kando ya msitu ruhusa ya kufanya chama na kushirikiana na Shirika la Misitu la Kenya katika utunzaji. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 yatambua njia za umma zipitazo katika ardhi ya mtu. Sheria ziko, lakini sheria haifyeki majani wala haichimbi mtaro.

Tena yapasa kusema neno la haki juu ya mkulima. Mgeni apitaye kwenda msituni huja na kamera, hulipa kiingilio, humlipa kiongozi, akaenda zake. Yule mzee ambaye njia imepita kando ya migomba yake hapati kitu ila nyayo na watoto wakimfuata mgeni. Akiweka miiba njiani, asiitwe adui wa maendeleo. Na amkiwe, aombwe, na mtaro wa njia utengenezwe kwa namna itakayozuia maji yasiingie shambani mwake. Chama kikipata fedha, kinunue kwake ndizi au chakula cha wageni. Sahani ya kimanga kwa mgeni mwenye njaa ni biashara njema. Mama atafutaye kuni kadhalika. Akifukuzwa msituni bila kuonyeshwa mahali pengine pa kuni, atarudi usiku, naye hatasema alichokiona.

NAMNA YA KUTUNZA NJIA

Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka kufanywa kabla ya mvua.

Kwanza, njia isishuke mlima moja kwa moja. Ipinde kushoto na kulia kama nyoka. Mtu akikata kona kwa haraka, maji yatamfuata, na baada ya masika moja njia yake ya mkato itakuwa korongo.

Pili, kila hatua chache pawekwe mawe au gogo la mshazari, litoe maji kando penye majani.

Tatu, penye tope pawekwe mawe ya kukanyaga. Mtu aonapo tope hulizunguka, na njia ya futi mbili ikawa ya futi kumi.

Nne, wageni waandikwe kwa mlinzi wa msitu, wachukue kiongozi mwenyeji, wasiwashe moto, wasing'oe ua, wala wasitupe makopo na mifuko. Wapitapo uani mwa watu, wapige hodi. Wakutanapo na mzee, wamwamkie kwa shikamoo kabla ya kuuliza njia.

Tano, waalimu wawapeleke watoto. Mtoto wa Voi aujuaye msitu kwa jina tu hataulia ukikatwa, lakini aliyemsikia kurumbiza akifukua majani atauliza siku moja, "Yuko wapi?"

Waswahili husema kwamba mtembezi hula miguu yake. Ni kweli kwa mtu azururaye bila shughuli. Lakini wazee wa Taita walitembea wakapata mashamba matatu badala ya moja, wakajua kila chemchemi kwa jina lake. Ujuzi huo ungali kwao, na wengi wao wamekwisha kuwa wazee sana. Mabaraza ya mitaa yafanye kama yalivyofanya mabaraza ya vijiji vya Uingereza: yachague vijana wachache wenye daftari na wazee wachache wenye kumbukumbu, wakatembee pamoja, waandike kila njia, inapoanza, inapokwisha, na shamba la nani inalipitia. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji Jumamosi chache za mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika kufuta alama za nyayo.